Mke wa Shabani Hakugombea Kitu

Yunis mwanangu,

Umetoka kwenda kumuaga shangazi yako Makole, na najua hatakuachia mpaka ule, kwa hiyo nina jioni yote peke yangu. Begi lako nimeliona mlangoni, limefungwa vizuri, na sina la kukwambia kuhusu begi. Mambo ya kula, ya kulala, ya kuchemsha maji ya kunywa huko Dar es Salaam, unayajua kuliko mimi. Barua hii si ya hayo. Wala si ya baraka. Baraka zangu utazipata kesho stendi mbele ya watu, kama kila mzazi anavyofanya. Naandika kwa sababu nina hasira, na nikiwa na hasira mdomo wangu husema zaidi ya ninavyotaka. Kalamu naweza kuizuia.

Unajua hasira hizi zilianzia wapi. Jumapili tuliporudi kanisani uliweka kinasa sauti chako juu ya meza, kati ya ugali na bakuli la mlenda, ukasema, "Mama, nina ombi la kikazi."

Nikacheka. Nilidhani unatania.

"Mhariri wetu anataka nianze na makala ya maisha yako. Mjane, muuza nafaka, diwani mwanamke. Na ile habari ya Zuzu pia. Anasema watu hawajaisahau. Anasema mama akimsimulia mwanawe, itakuwa kitu kipya kabisa hapa nchini."

Nikakuuliza mhariri wenu ni nani.

"Bwana Beni. Anakusalimia sana. Anasema mnafahamiana."

Niliinuka nikachukua vyombo kwenda kuviosha, na bado vilikuwa na chakula ndani. Ukanifuata jikoni. Ukaniambia kwa ile sauti yako mpya uliyoipata kwenye kozi ya uandishi: "Mama, kiongozi ni mali ya umma. Watu wana haki ya kujua." Sikukujibu. Tangu siku hiyo umenuna na mimi nimenuna, na watu wakija kukuaga tunacheka mbele yao kama hakuna kitu.

Sasa nakujibu. Ndiyo, mimi na Beni tunafahamiana.

Ulikuwa darasa la saba wakati wa uchaguzi ule wa kwanza wa vyama vingi. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu baba yako afariki, lori lilipopinduka naye kule njia ya Mtera. Nilikuwa na banda langu la nafaka pale sokoni Majengo: mtama, uwele, mahindi, karanga zikipatikana. Zilikuwa enzi za ruksa. Kila mwenye mtaji kidogo alikuwa mfanyabiashara, na kila mwenye mashine ya chapa alikuwa na gazeti. Mimi sikuwa na habari na siasa. Nilichokuwa nacho ni hasira ya choo. Wanawake wa soko lile tulikuwa tunajibana tangu asubuhi mpaka tunafunga, kwa sababu choo kilikuwa kimejaa na hakuna aliyekuwa tayari kukizibua. Nilikwenda ofisi ya soko mara nyingi mpaka karani akawa akiniona mlangoni anainamisha kichwa. Mwisho nikasimama kwenye mkutano wa hadhara nikasema mbele ya wakubwa kwamba kama hawaoni umuhimu wa choo, basi wake zao waje wauze nafaka mwezi mmoja. Watu walicheka mpaka wakalia. Wiki ile ile Mzee Ezekia, katibu wa chama chetu kwenye kata, akaja bandani. Akaniambia, "Damari, chukua fomu."

Nikachukua. Hayo unayajua, na ulinisaidia kubandika picha zangu kwenye nguzo.

Usichokijua vizuri ni Zuzu, kwa sababu wewe na watu wote wa mji huu mlikijua kupitia gazeti.

Nilikuwa nakwenda Zuzu, stesheni ndogo jirani na mji, kila Jumamosi kununua mtama kwa wakulima wa upande ule. Magunia yalikuwa yanalala stesheni yakisubiri usafiri, na msimamizi wa stesheni alikuwa Shabani, Mnyamwezi wa Tabora. Mara ya kwanza nilimkemea kwa sababu gunia langu moja lilikuwa limelowana. Hakubisha. Alileta turubai akalifunika, kisha akaniuliza kama nitakunywa kahawa. Basi. Ndivyo ilivyoanza, na kama unatafuta kitu kikubwa zaidi ya hapo hakipo.

Shabani alikuwa na kitu kimoja ambacho sijakiona kwa mtu mwingine: hakuwa anauliza. Hapa mjini, mjane akinunua kitenge kipya anaulizwa kanunuliwa na nani. Akinenepa anaulizwa, akikonda anaulizwa zaidi. Kule Zuzu nilikuwa nakaa barazani kwake, naweka miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, na naweza kunyamaza tangu adhuhuri mpaka kivuli cha tangi la maji kinafika mlangoni. Hakunihesabu kama mjane wa Mwalimu Lazaro, wala mama Yunis, wala, baadaye, mgombea. Aliniita Damari. Wakati mwingine tulisikiliza redio. Wakati mwingine nilipika. Na ndiyo, Yunis, umekuwa mtu mzima sasa: wakati mwingine nililala huko na wewe ukalala kwa shangazi yako.

Hatukutaka kuoana. Yeye alikuwa Mwislamu na hakuwa na nia ya kubatizwa, mimi ni Mkristo na sikuwa na nia ya kusilimu, lakini hata hiyo si sababu. Ukitaka sababu, ni kwamba tulikuwa watu wazima wawili na tulikubaliana hivyo. Miaka yote hii watu wamekuwa wakiniambia kwamba lazima kulikuwa na zaidi. Hakukuwa na zaidi.

Alikuwa na mke. Hili aliniambia mwenyewe, mapema, kabla hatujawa kitu. Mkewe alipojifungua mtoto wa pili akili ilimtoka na haikurudi. Mtoto hakuishi. Wazazi wake walimchukua wakakaa naye kwao Tabora, yeye pamoja na yule mtoto mkubwa. Shabani hakumpa talaka. Kila mwezi alipeleka matumizi, na kila likizo alikwenda kukaa naye, ingawa mke alikuwa hamjui tena. Mke alimwita kwa jina la kaka yake mwenyewe. Pale Zuzu hakuna aliyejua habari ya ugonjwa huo. Walijua tu kwamba ana mke kwao, na kwamba yeye ni mtu anayependa utulivu. Aliniambia mimi peke yangu, na aliponiambia alikuwa anatazama reli, hanitazami mimi.

Naomba ulishike vizuri hilo: aliniambia mimi peke yangu.

Sasa Beni. Alikuwa kijana wakati ule, shati la drafti, kalamu mbili mfukoni, mdomo mtamu. Gazeti lake lilikuwa na rangi mbili na picha kubwa, lile ambalo watu walikuwa wanasema hawalisomi na kila saluni ilikuwa nalo. Alikuja Dodoma kuandika habari za wagombea. Hakuanza kwangu. Alianza kwako.

Sijawahi kukwambia hili, na leo nakwambia si kwa kukulaumu. Ulikuwa mtoto na hukufanya kosa lolote. Nakwambia kwa sababu umeomba kazi kwa mtu huyu na nataka ujue kazi hiyo anavyoifanya. Alikukuta unatoka shule na wenzako. Akakununulia soda. Akakwambia yeye ni rafiki wa mama na anataka kuniandika vizuri gazetini. Akakuuliza mama anapenda nini, anakwenda kanisa gani, anapumzika wapi. Ukamwambia kwa furaha, kama mtoto yeyote anayempenda mama yake, kwamba mama Jumamosi huenda Zuzu na akirudi anaimba. Ni hilo tu ulilosema. Mama akirudi anaimba. Najua kwa sababu Beni mwenyewe alinirudia nalo baadaye, akicheka, kama zawadi: "Mwanao ana akili sana, mama. Ndiye aliyenipa mwanzo wa habari."

Jumamosi iliyofuata alikuwa Zuzu na mpiga picha. Picha iliyotoka ni mimi nimekaa barazani, miguu juu ya ndoo, na Shabani amesimama na kikombe. Tulikuwa hatugusani hata kidogo. Maneno ya juu yalisema mgombea anastarehe na mume wa mtu.

Siku ile gazeti lilipofika nilitembea kutoka nyumbani mpaka bandani kwangu na nikasikia soko likinyamaza mbele yangu na kuanza tena nyuma yangu. Wanawake niliokaa nao jua na vumbi, ambao nilipigania choo chao, walikuja mmoja mmoja wakijifanya wanauliza bei. "Pole, dada Damari. Lakini si ungetuambia?" Kwa nini niwaambie? Nani kati yao aliwahi kuniambia anayelala naye? Yule muuza dagaa alikuwa na mabwana wawili na kila mtu alijua, na hakuna aliyemwekea mkutano. Lakini mimi picha yangu ilikuwa kwenye nguzo, basi walijiona wamenunua na mwili wangu pamoja na ile picha.

Kanisani mzee mmoja wa baraza aliniambia niache kwanza kuimba kwaya mpaka mambo yatulie. Mzee Ezekia alikuja nyumbani na suluhisho. Alikaa pale pale unapopenda kukaa, akakataa chai.

"Damari, una njia mbili. Useme unaolewa, au useme umemwacha."

"Na ikiwa sisemi lolote?"

"Huwezi. Wewe si mtu binafsi tena."

"Mzee, wewe una wake wangapi?"

Akakunja uso. "Hilo linahusianaje?"

"Ndicho ninachokuuliza mimi."

Akaondoka amekasirika, na nikajiona nimeshinda. Ningeishia hapo, Yunis, leo barua hii isingekuwepo. Ningenyamaza, ningeendelea kuzungumzia choo, na kama wangeninyima kura wangeninyima. Nilikuwa na magunia yangu. Nisingekufa.

Lakini Beni alirudi. Alikuja bandani mchana kweupe, akanunua kilo ya karanga, akanisalimia shikamoo kwa heshima zote. Akaniambia hana ubaya na mimi, kazi ni kazi, na kwamba sasa ni nafasi yangu ya kujieleza. "Watu wanakuonea, mama. Ukikaa kimya watasema ni kweli. Nipe upande wako." Kumbuka maneno hayo, utafundishwa kuyasema. Utayasema kwa sauti ya huruma, na yule unayemwambia atakuwa na hamu ya kuonewa huruma kiasi kwamba hataona mkono wako mfukoni mwake.

Sikumpa upande wangu siku ile. Lakini aliniachia kitu kichwani kikawasha. Nilianza kutunga majibu. Nikipepeta mtama natunga, nikiosha vyombo natunga. Nilikuwa nina hamu ya kuonekana safi, na nikaanza kuamini kwamba nikieleza vizuri tu, kwa utaratibu, watu wataelewa na kuniacha.

Mkutano wa mwisho wa kampeni ulikuwa pale uwanja wa nyuma ya soko. Watu walijaa, na Beni alikuwa mbele na kijitabu chake. Nilizungumza choo, nilizungumza maji, nilizungumza ushuru. Kisha mwanamke mmoja katikati ya umati akapaza sauti: "Tuambie kwanza ya mume wa mtu!"

Wakacheka. Wakapiga vigelegele vya dhihaka. Na mimi, mbele ya umati ule, nikajibu.

Nilisema hivi, nayakumbuka maneno yangu mwenyewe kuliko yoyote niliyowahi kusema: "Sijamnyang'anya mtu mume. Mke wa Shabani ni mgonjwa wa akili. Yuko kwa wazazi wake Tabora, hamtambui mumewe, hajui hata jina lake. Sasa niambieni, nimemuibia nani?"

Halafu mama mmoja wa mbele akashika kifua akasema, "Masikini." Halafu wakapiga makofi. Walipiga makofi kweli kweli, Yunis, si ya dhihaka. Mzee Ezekia alisimama akanishika mkono akauinua juu. Nilishuka jukwaani nikijisikia mwepesi kama mtu aliyepona homa, na nilitembea mpaka nyumbani nikiwa sijui nilichokifanya. Nilikula. Nililala usingizi mzuri. Hilo ndilo linalonichukiza zaidi, kwamba nililala.

Beni hakulala. Alipanda treni ya kwenda Tabora.

Gazeti lilitoka siku chache kabla ya kupiga kura. Sitakueleza picha yote. Ilikuwa ua wa nyumba ya udongo, na mwanamke amekaa chini, kanga imemporomoka, nywele zimesimama, anaitazama kamera kama mtu anayetazama jua. Pembeni kulikuwa na msichana wa umri wako amejificha uso kwa mikono. Yule ni binti yao. Walimtaja jina mwanamke yule, na kijiji, na jina la baba yake. Na chini wakaandika kwamba mgombea Damari alisema kweli.

Alisema kweli. Walinisafisha. Siku ile soko zima lilikuwa na mimi. Walinijia wakanishika mikono, wakasema Shabani ana moyo, wakasema mimi nina moyo, na wakati wanasema hayo walikuwa wanapokezana gazeti ili kila mmoja amwone vizuri yule mwanamke.

Shabani alikuja Majengo siku ile ile. Hakuwahi kuja Majengo kabla. Alikuwa amevaa sare za kazi na alisimama mbele ya banda langu kama mteja, watu wamejaa kushoto na kulia wakijifanya wanachagua maharage. Hakupiga kelele.

"Damari. Wewe uligombea."

Nikasema, "Shabani, ngoja tuingie ndani."

"Wewe uligombea. Mimi sikugombea, lakini nilikujua, basi nimekubali yaliyonipata. Yule aligombea nini?"

Mimi niliyekuwa natunga majibu usiku na mchana sikuwa na hata moja. Akageuka akaenda, na watu wakampisha njia kwa huruma, huruma ile ile iliyomla mkewe.

Nilishinda kura kwa mbali. Nilikuwa diwani miaka mitano. Choo kilijengwa, na kinatumika hadi leo. Na nikwambie jambo moja kuhusu haki ya watu kujua, kwa kuwa umelisema jikoni kwangu. Mwaka wa pili wa udiwani, mkandarasi wa choo kile alipeleka nusu ya saruji kwenye nyumba ya mkubwa mmoja. Nililiona kwa macho yangu, nikawa na mashahidi. Nilimpigia simu Beni mwenyewe, nikameza kiburi changu, nikamwambia hii hapa ni habari, hii ndiyo mali ya umma, njoo uandike. Unajua alinijibu nini? "Mama, choo hakiuzi gazeti." Ilibidi tupambane wenyewe vikaoni mpaka saruji ikarudi. Kwa hiyo usiniletee neno umma nyumbani kwangu. Ningekula saruji, ungekuwa na haki ya kuingia hadi uvunguni mwa kitanda changu, na ningestahili. Lakini saruji walipita wakaiacha. Walikwenda kwenye kitanda moja kwa moja, kwa sababu kitanda ndicho walichokuwa wanakitaka tangu mwanzo.

Baada ya kuapishwa nilisafiri kwenda Tabora. Nilikwambia nakwenda semina. Nilibeba sukari, mchele, vitenge viwili, na maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga safari nzima ndani ya treni. Haikuwa vigumu kuipata nyumba, gazeti lilikuwa limeeleza vizuri. Mlangoni alitoka mama mzee, mama yake yule mgonjwa. Nilipiga goti nikamwamkia. Aliitikia. Akanitazama viatu, akatazama vile vitenge, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Na wewe umekuja kumtazama?"

Kumbe walikuwa wanakuja. Tangu gazeti litoke, watu walikuwa wanatoka mjini, wengine na baiskeli, wengine na watoto mgongoni, wanasimama uani kwa wale wazee kumwona mke wa msimamizi wa stesheni. Yule msichana alikuwa ameacha shule. Nilimwambia mama yule hapana, sikuja kumtazama, nimekuja kuomba radhi, mimi ndiye Damari. Aliushika mlango. Kisha akasema, "Basi umeshaomba," akaingia ndani, na mlango ukafungwa. Niliviacha vile vitu kizingitini. Nilipofika kona nikageuka, nikamwona msichana ametoka, anavichukua kimoja kimoja na kuviweka nje ya ua, barabarani.

Ndiyo habari ya Zuzu aliyokutuma Beni. Unayo yote sasa, na hukuhitaji kinasa sauti.

Sikukatazi kwenda. Nilifikiria kukukataza, nilifikiria hata kuificha nauli yako, halafu nikajicheka. Una miaka yako na akili yako, na uliyoyachagua ni yako. Nisingeweza kulalamika miaka yote hii kwamba watu walinichagulia maisha kisha nikuchagulie wewe. Lakini usinitake nikuombee ufanikiwe mezani kwa mtu yule, kwa sababu ningekuwa mwongo mbele ya Mungu. Naomba upate kazi mahali pengine upesi. Na kama huwezi kuondoka, basi naomba siku ukimwona mtoto anatoka shule anajua jambo la mama yake, umpite.

Beni atakuuliza kesho kutwa umerudi na nini. Mwambie mama amekataa, usiongeze neno. Atakwambia ukikaa kimya watu watasema. Waache waseme. Kimya kitakuwasha kama kilivyoniwasha mimi, utaanza kutunga majibu kichwani, na majibu yote yatakuwa mazuri. Usiyatoe.

Ukiamua kuniandika, niandike. Jina langu litumie, nililibandika mwenyewe kwenye nguzo. Lakini yule mwanamke wa Tabora sikumtaja jina humu, ingawa nalijua na gazeti lilimtaja, na utaona kwamba habari imeeleweka bila jina lake. Binti yake sasa ni mkubwa kama wewe. Usiende kumtafuta. Hata kwa wema usiende.

Nimebakiza kitu kimoja. Niliporudi kutoka Tabora sikupitiliza mpaka Dodoma. Nilishuka Zuzu. Shabani alikuwa ameomba uhamisho na umekubaliwa, na nyumba yake ilikuwa imejaa masanduku. Nilidhani atanifukuza. Alinitazama vumbi la safari, hakuuliza nimetoka wapi, ingawa nadhani alijua. Aliitafuta birika ndani ya sanduku ambalo alikuwa ameshalifunga kwa kamba, akachemsha kahawa, tukanywa tukiwa tumesimama kwa kuwa viti vilikuwa vimeshabebwa. Hatukuzungumzia gazeti. Gari la kuelekea mjini lilipokaribia kuondoka akanisindikiza hadi ukingo wa baraza, na pale akaniambia neno moja, nami nikamjibu.

Sijawahi kumwambia mtu tuliyoambiana, na wewe pia sikwambii. Ni maneno madogo tu. Hayangeuza gazeti hata moja.

Mama yako,
Damari